Tofauti Ndogo za Bunduki Kongwe za Wenzo, na Namna ya Kuzisoma

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za jioni. Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia chuma cha zamani mbele ya watu wanaokipenda, tena kwa Kiswahili, ingawa tuko huku Marekani na mada yenyewe ni ya huku huku.

Mwaliko uliniomba nizungumzie bunduki za kampuni ya Winchester kwa ujumla. Nimeomba ruhusa nibane zaidi. Jioni hii nataka tuangalie kwa nini bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja, zikiwa na jina moja la modeli, zikilazwa mezani pamoja hazifanani. Na nataka niwashawishi, hasa ninyi vijana mnaoanza kukusanya, mzitafute tofauti hizo na muache kukimbilia bunduki inayong'aa kuliko zote dukani. Ule mng'aro mara nyingi ni kazi ya fundi wa juzi. Tofauti ndizo zinazotuonyesha kiwanda kilikuwa kinafikiri nini.

Kwa wageni wa mambo haya, nieleze kwa ufupi. Bunduki ya wenzo ina kipande cha chuma chini, kinachozunguka kifyatulio kama mshikio. Ukikisukuma chini, ganda lililotumika linarushwa nje. Ukikirudisha juu, risasi mpya inaingia chemba na bunduki imeshakokiwa. Nyingi zinabeba risasi kwenye bomba refu lililolala chini ya mtutu. Modeli zilizojenga jina la aina hii karibu zote zilitoka mji mmoja, New Haven, jimbo la Connecticut.

Benjamin Tyler Henry alipata hataza yake tarehe 16 Oktoba 1860, akifanya kazi katika kampuni ya Oliver Winchester, mfanyabiashara aliyepata mali yake kwenye mashati. Henry zilitengenezwa kama 14,000 tu, na Serikali ya Marekani ilinunua 1,731 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndani ya idadi hiyo ndogo tofauti zimejaa. Nyingi zina fremu, yaani kiwiliwili kinachobeba mitambo, ya shaba, lakini chache za mwanzo ni za chuma. Za awali zina kisigino cha kitako cha mviringo, za baadaye kimechongoka. Za kwanza hazina kitasa cha kuushika wenzo usifunguke wenyewe. Mtu aliyeshika Henry anaweza kuanza kukisia umri wake kabla hata hajaitazama namba iliyopigwa kiwandani.

Hapa nichomekee jambo linalotuhusu. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akitayarisha safari yake kutoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, aliandika orodha ya silaha za msafara. Ndani yake mna Winchester moja ya Kimarekani na Henry moja, zote akiziita za risasi kumi na sita. Modeli ya hiyo Winchester hakuitaja. Sisi tunaweza kuitaja kwa uhakika, kwa sababu mwaka 1871 kampuni ilikuwa na modeli moja tu iliyobeba jina hilo: ile ya 1866. Basi kwenye njia ya kwenda Ujiji zilipita mama, Henry, na mtoto wake, 1866. Henry ilijazwa risasi kwa mbele: unaisimamisha, unafungua ncha ya bomba, unazidondosha moja moja. Ile ya 1866 ilikuwa na kidirisha ubavuni, ubunifu wa Nelson King, unasukumia risasi kwa kidole gumba huku bunduki ikiwa begani au mapajani. Kidirisha hicho ndicho kilichokuja kuwa alama ya familia nzima.

Modeli ya 1866, maarufu kwa fremu yake ya shaba ya manjano, ilitoka kama 170,000. Wakusanyaji huzipanga kwa umbo la fremu mbele ya kinyundo. Za mwanzo zina mteremko mkali uliorithiwa kutoka Henry. Kadiri miaka ilivyokwenda mteremko ukalainika. Namba nazo zilihama. Kwa za mwanzo, namba imefichwa chini ya mbao ya kitako, huioni mpaka mbao itolewe. Baadaye ikawekwa nje, nyuma ya kifyatulio. Nimewahi kumsikia muuzaji akisema kwa unyofu kabisa kwamba bunduki yake haina namba. Ilikuwa nayo, imekaa chini ya mbao miaka yote hiyo.

Sasa nifike kwenye modeli ninayoipenda, na mtaniwia radhi nikikaa hapo kidogo. Modeli ya 1873.

Zilitengenezwa zaidi ya 720,000, kwa hiyo wengi huiona bunduki ya kawaida. Mimi naona modeli hii ndiyo shule bora ya kusoma tofauti, kwa sababu kipande kimoja kidogo juu ya fremu kinakupa darasa zima: kifuniko cha vumbi. Fremu ya 1873 iko wazi juu, na kifuniko chembamba kinateleza kuziba uwazi huo. Kwenye toleo la kwanza, kifuniko kinateleza ndani ya mifereji iliyochimbwa kwenye fremu yenyewe, na juu yake kuna duara la yai lenye mikwaruzo ya msalaba, mahali pa kuweka kidole gumba. Kwenye toleo la pili, kiwanda kiliongeza reli ya katikati iliyofungwa kwa skrubu mbili juu ya fremu, na kwenye za baadaye za toleo hilo kifuniko kikawa na meno madogo kwenye ukingo wa nyuma badala ya lile duara. Kwenye toleo la tatu, reli haina skrubu. Imechongwa pamoja na fremu, kipande kimoja.

Fikirieni watu walioko nyuma ya mabadiliko hayo. Kwanza walichimba mifereji, ikaonekana haitoshi. Wakaona reli inafaa, lakini mashine na fremu zilizokuwepo zilikuwa za mtindo ule wa awali, wakaifunga reli kwa skrubu. Mwishowe wakapanga upya uchongaji ili reli izaliwe na fremu. Miaka michache ya fikra za mafundi imeandikwa kwenye sehemu isiyozidi urefu wa kidole. Kwa makadirio, toleo la kwanza linaishia karibu na namba 31,000, la pili karibu na 90,000, na linalofuata ni la tatu.

Nasema karibu kwa makusudi. Kiwanda hakikutupa vipande vizuri kwa sababu tu mchoro mpya umefika. Kifuniko chenye duara la kidole gumba kilichobaki kwenye sanduku kiliendelea kutumika mpaka kikaisha, na ndiyo maana mpakani utaona bunduki zenye kitu cha zamani na kitu kipya kwa pamoja. Mkusanyaji mchanga akiziona hudhani zimechezewa. Wakati mwingine kweli zimechezewa. Lakini bunduki ya mpakani iliyo halisi ni ya thamani kubwa kwa anayesoma, kwa kuwa inaonyesha zamu ikibadilika kiwandani. Namba nayo si tarehe ya kuzaliwa. Ilipigwa kwenye fremu, na fremu iliweza kukaa rafuni miezi kadhaa kabla ya kupata mtutu, mbao na mnunuzi.

Kaliba, yaani kipimo cha risasi, vilevile inasimulia. Mwanzoni 1873 ilikuwa na risasi moja tu, .44, kwa hiyo hawakuona haja ya kuiandika kwenye bunduki. Mwishoni mwa muongo huo ikaja .38, kisha 1882 ikaja .32, na hapo ndipo alama za kaliba zilipohitajika. Ukiikuta 1873 ya mwanzo isiyo na alama ya kaliba, usiseme imefutwa. Na kuna ile ya .22 ya mwaka 1884, iliyotoka kama 19,000 na ushee. Hii haina kidirisha ubavuni kabisa, maana risasi zake ndogo zinapakiwa kwenye bomba. Mgeni huiangalia akadhani mtu ameziba tundu.

Halafu kuna maumbo. Kiwanda kiliuza bunduki ya kawaida yenye mtutu wa inchi 24, kabaini ya inchi 20 kwa watu wa farasi ikiwa na pete ya tandiko ubavuni, na musketi ndefu ya inchi 30. Juu ya hayo, mteja aliweza kuagiza anachotaka: mtutu wa pembe nane, au wa mviringo, au nusu kwa nusu, bomba fupi, kifyatulio chepesi cha shabaha, mbao ya jozi iliyochaguliwa, mtutu mrefu au mfupi kuliko kawaida. Hii ndiyo sababu siamini sana orodha zinazodai kumaliza aina zote. Kila barua ya mteja aliyekuwa na dola za ziada iliweza kuzaa aina mpya.

Katika maagizo ya kifahari, yaliyovuma kuliko yote ni ya «moja kati ya elfu». Kuanzia 1875 kampuni ilitangaza kwamba mitutu iliyopiga shabaha vizuri kuliko mingine itapambwa kwa uangalifu na kuuzwa dola 100. Kwa modeli ya 1873 zinajulikana zaidi ya 130 kidogo tu. Mwaka 1950 studio moja ya Hollywood, ikitangaza filamu yake, iliendesha msako wa kuzitafuta zilizobaki, na tangu hapo bei ikapanda na wachongaji wa maandishi ya uongo wakapata kazi. Kupiga maneno kwenye mtutu ni rahisi. Kuyaingiza kwenye daftari la kiwanda la karne ya 19 haiwezekani, na daftari hilo lipo.

Lipo Cody, jimbo la Wyoming, kwenye jumba la makumbusho la Buffalo Bill Center of the West. Ukiwapelekea modeli na namba ya bunduki yako, wanatafuta kwenye vitabu vya kiwanda na kukuandikia barua: ilikuwa bunduki ya kawaida au kabaini, mtutu wa aina gani, kaliba gani, iliingia ghala lini, ikatoka lini. Kwa modeli ya 1873 vitabu vimehifadhiwa kwa sehemu kubwa, na mapengo hapa na pale. Kwa 1892 vinafika namba 379,999, kwa 1894 vinafika 353,999, na kwa 1895 vinaishia 59,999. Wanazo pia za Marlin, kampuni nyingine ya bunduki za wenzo, hadi 1906. Nawasihi: kabla ya kulipa fedha kubwa kwa madai makubwa, lipeni kwanza ile ada ndogo ya barua. Anayekuuzia kwa haki hatakasirika ukimwomba akusubiri.

Lakini daftari nalo lina mipaka yake, na mfano bora ulitokea Nevada. Mnamo Novemba 2014, watumishi wa mambo ya kale katika hifadhi ya Great Basin waliona bunduki imeegemea mti wa juniperi, ndugu wa mtarakwa wetu. Mbao ilikuwa imepasuka na kuwa rangi ya kijivu, kitako kimezama kidogo ardhini, chuma kimeshika kutu. Ilikuwa Winchester 1873 ya .44. Namba ilisomeka, na vitabu vya Cody vikasema: ilitoka kiwandani mwaka 1882. Basi. Aliyeinunua hayumo, aliyeiegemeza pale hayumo. Mwaka huo peke yake zilitengenezwa zaidi ya 25,000, na bei ilikuwa imeshuka hadi kama dola 25, kwa hiyo mtu yeyote wa kawaida aliweza kuwa nayo.

Wahifadhi wakaipiga picha ya eksirei, wakaona kitu ndani ya kitako, kwenye tundu la kuwekea fimbo za kusafishia. Ilikuwa risasi moja ya kampuni ya Union Metallic, ya aina iliyotengenezwa kati ya 1887 na 1911. Risasi hiyo ikafanya kazi ambayo daftari halikuweza. Sasa tunajua kwamba miaka mitano au zaidi baada ya kutoka kiwandani bunduki bado ilikuwa na mwenyewe aliyeitunzia risasi, na iliachwa pale mtini si kabla ya 1887.

Na kitu kilichonifurahisha zaidi ni walichokifanya baadaye. Hawakuisugua. Hawakubadilisha mbao. Waliimarisha nyufa zisiendelee, wakazuia kutu isile zaidi, wakaiacha na sura yake ile ile. Angeipata mtu mwenye mashine ya kung'arishia na nia njema, leo tungekuwa na 1873 moja zaidi yenye rangi mpya, na ile risasi pengine ingetupwa kwenye pipa la taka.

Kwa hiyo niseme kuhusu kusugua, maana linaniuma. Kila mwaka naona bunduki nzuri zikiharibiwa na wenyewe wanaozipenda. Kujua iliyosuguliwa si kazi ngumu ukishazoea. Tazama kingo za fremu na za mtutu wa pembe nane: zinatakiwa kuwa kali, zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, ujue gurudumu limepita. Tazama matundu ya skrubu: yaliyosuguliwa yana mdomo uliozama. Tazama maandishi: upande mmoja wa herufi ukiwa umefifia kuliko mwingine, mkono wa fundi umekaa hapo. Kisha pitisha kidole mahali mbao inapokutana na chuma. Kiwandani mbao iliachwa juu kidogo ya chuma. Ukikuta mbao iko chini ya chuma, imepigwa msasa. Na vichwa vya skrubu vilivyochanika vinakwambia mtu aliingia ndani kwa bisibisi isiyofaa. Baada ya hapo uliza ni nini kingine kilichotolewa.

Alama moja ndogo inasaidia sana: duara la yai lenye herufi W juu ya P. Hii ni alama ya majaribio ya Winchester, ilianza kutumika 1905. Ikiwa iko kwenye mtutu wa bunduki iliyotoka kiwandani miaka ya 1890, basi mtutu umebadilishwa au bunduki iliwahi kurudi kiwandani. Huo si ubaya, ila ni maisha ya bunduki hiyo, na mnunuzi ana haki ya kuyajua.

Nitapita haraka kwenye modeli zilizofuata. John Moses Browning wa Utah aliwapa Winchester ile imara ya 1886, kisha 1892 iliyovuka milioni moja, kisha 1894 iliyovuka milioni saba. Kwa 1894, za mwaka wa kwanza kabisa ni .32-40 na .38-55 tu; .30-30, iliyoifanya modeli hii kuwa kipenzi cha wawindaji wa Marekani, ilifika 1895 baada ya kupatikana chuma kinachohimili baruti mpya isiyo na moshi. Ndugu zangu wa Marlin, sijawasahau: ile 1889 yao, iliyofungwa juu na kurusha ganda ubavuni, inastahili jioni yake peke yake.

Ila 1895 siwezi kuipita. Hii haina bomba. Ina kisanduku chini ya fremu, kwa hiyo inakubali risasi zenye ncha kali. Za kwanza, kama 5,000, zina ubavu bapa kabisa. Zilizofuata zimechongwa ngazi na mabonde ubavuni. Kaliba ya .405 ilikuja 1904, wakati ubavu bapa ulishapita zamani. Ukioneshwa 1895 bapa ya .405, uliza maswali mengi kabla ya kutoa mkono mfukoni. Ni .405 ndiyo aliyokuja nayo Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 na mwanawe Kermit, kwa safari ya kukusanya wanyama wa makumbusho ya Smithsonian, na aliisifu sana kwa simba. Miaka michache baadaye Urusi ikaagiza modeli hiyo hiyo karibu 294,000 kwa vita kuu vya kwanza. Zile utazijua kwa mifereji ya kushikia klipu ya risasi juu ya fremu.

Neno la sheria, kwa sababu tunaishi huku na wengine tuna safari za nyumbani. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, na masharti yake ni mepesi kuliko ya bunduki nyingine, ingawa majimbo yana sheria zao. Kwa modeli ya 1894, mstari huo huwekwa kwenye namba 147,684. Majedwali yaliyochapishwa hayakubaliani kwa modeli kadhaa, kwa hiyo namba ikiwa karibu na mpaka tafuta barua. Wala usidhani ukale huu unavuka bahari. Kwetu Tanzania na Kenya silaha ni jambo la leseni na polisi. Usifunge hata kipande kwenye sanduku kabla ya kuuliza kwa maandishi.

Kwa anayeanza ningesema achague modeli moja, asome mwaka mzima kabla ya kununua, na awe na daftari. Piga picha ya kila bunduki unayoruhusiwa kushika, hata usiyoweza kuinunua. Andika namba, aina ya kifuniko, alama za kaliba, vilengeo, hali ya skrubu. Baada ya muda daftari lako litaanza kuona mambo ambayo vitabu vikubwa havikuyasema, kwa sababu waandishi wake hawakuishika bunduki uliyoishika wewe.

Mezani pale nimeweka 1873 tatu, moja ya kila toleo. Zimekaguliwa na mimi na mwenzangu, chemba na mabomba ni matupu, lakini kila anayeshika akague tena mwenyewe mbele ya mwenzake. Glovu ziko kwenye sahani. Anzeni na ile ya katikati: namba yake ni ya mwishoni mwa toleo la pili, ila kifuniko chake kina duara la kidole gumba. Ikagueni skrubu, kingo na mbao, kisha mniambie kama ni bunduki ya mpakani au kuna mtu aliyebadilisha kifuniko. Mimi nina maoni yangu, na nitayatoa mkishamaliza kutoa yenu.